Fundi, Mama wa Mtoto Mmoja

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, marehemu mke wangu aliamka kabla yangu kama kawaida yake. Akafungua dirisha la chumba cha mbele, akaketi kwenye cherehani. Macho yake yalikuwa yamechoka tangu miaka mitano nyuma, kwa hiyo kila asubuhi nilimtungia sindano sita, nikazichomeka kwenye mto wa pini na nyuzi zake zikining'inia, ndipo nikanywa chai. Siku hiyo nilitunga tano.

Akazihesabu kwa kidole. Mimi ni mwashi, naye aliniita Fundi. "Fundi, ya sita iko wapi?"

"Tano zinatosha. Kazi yenyewe gauni moja."

"Gauni moja na mume mvivu. Tunga ya sita."

Nikatunga. Akabana pini mdomoni, akaendelea na mkono wa kushoto wa gauni. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Ninaanza na hiyo kwa sababu kwenye karatasi ya kamati ya mazishi haimo. Mengi hayamo. Na lipo moja ambalo limo na si kweli. Kamati iliandika hivi: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto, lakini alivumilia kimya kama Hana wa kwenye Biblia." Nilisomewa hayo Alhamisi, siku moja baada ya yeye kufariki. Nikasema hapana. Nikasema hapana mara mbili, kwa kuwa makosa ni mawili. Mtoto alimpata. Na kimya hakunyamaza. Hata Hana mwenyewe hakunyamaza, someni vizuri.

Katibu wa kamati akaniambia, "Mzee, tunakuelewa, lakini kurasa zimeshajaa."

Nikamwambia atoe picha ya kamati. Ndiyo maana hamuioni.

Maneno haya ni yangu. Anayewasomea ni mtoto wa mdogo wake marehemu, yule tunayemwita Kipimo. Kwa nini anaitwa hivyo mtasikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1952, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa mpasua mbao, mama yake mkunga. Alikuwa akisema amelelewa kati ya msumeno na watoto wachanga, ndiyo maana makelele ya watu hayakumtisha.

Alianza shule Januari 1960. Alimaliza darasa la saba Novemba 1966 akiwa wa pili katika wanafunzi arobaini na watatu. Wa kwanza alikuwa mvulana, wa tatu mvulana. Nafasi za kuendelea zilikuwa mbili. Akaenda wa kwanza, akaenda wa tatu. Yeye aliambiwa msichana asipoendelea hapotezi kitu. Aliyemwambia ni mwalimu, na alimwambia mbele ya baba yake, na baba yake akashukuru.

Akapelekwa chuo cha ushonaji, akakaa miaka miwili, akamaliza Desemba 1968. Siku ya mtihani walipewa kushona shati la kiume. Akamwita msimamizi, akamwambia kiolezo cha mkono ni kifupi kwa vidole viwili, mtu akiinua mkono shati litapanda mpaka kwenye kitovu. Msimamizi akamwambia ashone alichopewa. Akasema, "Nitashona, mwalimu, ila uvae wewe." Wakapima. Kiolezo kilikuwa kifupi kwa vidole viwili.

Cheti chake kipo ukutani nyumbani, atakaye akakione. Kimeandikwa: Kushona, vizuri sana. Usafi, vizuri sana. Tabia, anajibu.

Huyo ndiye kamati imeandika kwamba alivumilia kimya.

Alianza kazi mwaka 1969 kwenye baraza la duka la vitambaa, akishonea wateja wa mwenye duka. Mwaka 1975 alifungua kwake, chumba chetu cha mbele chenye mlango wa barabarani. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, majoho ya kwaya. Meza ya mbao ilikuwa ikitikisika akikata, kwa hiyo nilimjengea meza ya zege. Watu walicheka sana. Fundi wa nguo anakatia kitambaa juu ya zege kama anachinja! Yeye akaitandika blanketi, akakatia hapo miaka hamsini, haikutikisika hata siku moja. Juu ya meza hiyohiyo ndipo aliponifundisha herufi, kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nikikosea alifuta kwa kiganja, akaandika upya. Pamoja na kujibu kwake kote, kwa hilo hakuwahi kunicheka.

Alikuwa na sheria moja ya kazi. Nguo ya mtoto ilikuwa lazima iwe na upindo mpana, vidole vitatu, ili mtoto akikua gauni lishushwe. Wateja walilalamika kwamba anakula kitambaa. Aliwaambia, "Mtoto hakuja kukaa hivyo alivyo."

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1972. Nilimjua kwa suruali. Niliipeleka imetoboka magoti yote mawili. Akaigeuza, akaniangalia.

"Kaka, unasali sana au unajenga?"

"Najenga."

"Basi nitatia viraka viwiliviwili. Ungekuwa wa sala, kimojakimoja kingekutosha."

Nilirudi na suruali zote nilizokuwa nazo. Zilikuwa tatu.

Miaka kumi na miwili tulikaa bila mtoto. Hapo nataka msikilize, kwa sababu wengine mliokaa mbele mlikuwepo.

Dada yangu, wifi yake, alikuwa akija Jumapili, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kaka umeoa cherehani. Mtoto hutapata, utapata mashati." Marehemu alimjibu, "Wifi, shati lenyewe hujalilipia." Watu wakacheka, ikaonekana ni utani. Haukuwa utani. Mtu akitaniwa jambo moja miaka kumi, huo si utani tena.

Na mimi nimo. Siku moja ya mwaka 1979 nilimkuta analia, chakula kimepoa. Nilikuwa nimesikia mahubiri. Nikamwambia kama yule mume wa Hana alivyomwambia mkewe: unalia nini, kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Nilidhani nimesema neno zuri.

Akafuta macho. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayekadiria kitambaa.

"Kumi? Fundi, tuanzie mmoja. Hata mmoja bado hujamfikia."

Nikacheka, akacheka, tukala. Lakini baadaye akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema mume wa Hana hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza ili mke anyamaze, apate kula kwa raha. Tangu siku hiyo nikimkuta analia nilikaa chini. Sikuuliza kitu.

Oktoba 1983, kwenye darasa la akina mama, somo lilikuwa Hana. Mwalimu wa darasa akasema, funzo la kwanza kwa mke anayemngoja mtoto ni kunyamaza. Vichwa vyote vikamgeukia mke wangu. Akanyosha mkono.

"Mwalimu, kuhani alipomwona Hana anaomba akasema amelewa, Hana alinyamaza?"

"Alijibu, mama. Lakini kwa heshima."

"Basi alijibu."

"Kwa heshima, mama!"

"Na mimi nauliza kwa heshima."

Miezi mitatu hakupewa zamu ya kupamba kanisa. Majoho ya kwaya nzima yalishonwa na yeye, lakini kuweka ua kwenye chupa akaonekana hafai.

Tarehe 3 Septemba 1984, siku ya Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, alijifungua mtoto wa kike. Alizaliwa njiti, miezi saba. Uzito kilo moja na robo. Alikuwa na nywele nyingi na kidole gumba kirefu kama changu. Alilia. Nawaambia alilia kwa sababu baadaye watu walisema mimba iliharibika. Haikuharibika. Mimba iliyoharibika hailii. Nilimsikia nikiwa nje ya wodi, nimesimama na viatu vya kazini.

Aliishi siku tisa. Alikufa Jumatano tarehe 12, mchana.

Wakaja wazee wawili wa kanisa wa wakati huo, na dada yangu. Wakasema mtoto hajabatizwa, haandikwi kwenye kitabu, hafanyiwi ibada. Wakasema mama yake asione, ataugua. Wakasema mahali pake ni kona ile ya magharibi ya makaburi, karibu na ua wa michongoma. Mimi nikakubali. Hakunishika mtu koo. Nilikubali kwa mdomo wangu huu. Nikatengeneza kisanduku kwa mbao za kiunzi, tukamzika watu wanne. Mama yake alikuwa wodini, maziwa yamemjaa mpaka kanga imelowa.

Niliporudi aliniuliza, "Umempeleka wapi?"

Nikasema, "Amepumzika."

"Sikuuliza anafanya nini. Nimeuliza wapi."

Sikumjibu. Siku nne sikumjibu. Alipotoka hospitali Jumapili tarehe 16 hakukubali kwenda nyumbani. Akasimama barabarani na kifurushi chake, akasema, "Tangulia." Nikatangulia, nikamleta hapa makaburini, kwenye kona hii. Akakaa chini kwenye nyasi muda mrefu. Halafu akalitazama jiwe nililokuwa nimeliweka, akasema, "Fundi, limeinama." Nikaenda kuchukua pima maji, nikalilaza upya akiwa amekaa palepale. Jina alilompa mwanawe mnaliona hapo, nililichonga kwa herufi zilizotoka kwenye chaki yake. Lisomeni kabla hamjaondoka.

Ndugu na jirani, hakuna aliyekuja kutupa pole. Mtu akifiwa na shangazi wa mjomba watu hujaa mpaka barabarani. Sisi tulikaa siku saba na viti vitupu. Siku ya nane akafungua dirisha, akaketi kwenye cherehani.

Mwaka uliofuata, kwa ajili ya tarehe 3 Septemba 1985, alishona gauni la mtoto wa mwaka mmoja. Rangi ya njano, vifungo vitatu mgongoni, upindo vidole vitatu. Sikumuuliza ni la nani. Kwa ajili ya tarehe 3 Septemba 1986 akashona la miaka miwili. Nikaelewa.

Aliwahi kumuuliza mchungaji wa wakati ule swali. Hana alipokwisha kumpeleka mwanawe hekaluni, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Alimwambia kwamba hiyo wanaisoma kila mwaka, wanahubiri machozi, kanzu wanairuka. "Mimi ni fundi. Nataka kujua alijuaje kipimo. Mtoto hakai naye. Amekua mwaka mzima hajamshika."

Mchungaji akajibu, "Roho alimwongoza, mama."

"Mchungaji, Roho hapimi mabega. Alikuwa anapima watoto wa jirani."

Na ndivyo alivyofanya yeye. Mdogo wake alijifungua mtoto wa kike Septemba hiyohiyo ya 1984. Kila katikati ya Agosti huyo mtoto aliletwa, akasimamishwa juu ya meza ya zege, akapimwa mabega, kifua, urefu. Ndiye Kipimo anayewasomea. Alipokua kidogo alianza kulalamika.

"Mama mkubwa, kila mwaka napimwa mimi, anavaa mwingine!"

"Wewe una mama wa kukushonea. Simama wima."

"Mama hashoni hivi."

"Hilo nenda kamwambie yeye. Nyosha mkono."

Gauni lilipokamilika alilitundika dirishani siku tatu. Tarehe 3 alilipiga pasi, akalipeleka kwa mtoto wa umri huo ambaye alimwona anavaa kilichochakaa. Hakudai shukrani. Alisema tu, "Lishusheni akikua."

Mwaka 1988, gauni la miaka minne, la bluu yenye kola nyeupe, lilirudishwa. Halikurudishwa mkononi, lilitupwa juu ya ukuta wetu, likaangukia kwenye ndoo ya zege mbichi niliyokuwa nayo uani. Maneno yaliyotumwa nalo yalikuwa: mgumba asimshonee mtoto wa mtu, anataka kumchukulia nyota. Aliyelitupa yupo hapa leo. Simtaji. Mwavuli wake pia siutaji.

Marehemu alilifua mara tatu mpaka saruji ikatoka. Akalipiga pasi. Akampelekea mtoto wa nyumba ya tatu, na huyo mtoto alilivaa miaka mitatu, likashushwa mara mbili. Kwa yule aliyelitupa alituma ujumbe mmoja: "Mwambieni gauni halikuwa na kitu ndani. Lilikuwa na upindo wa vidole vitatu." Na mwaka 1996, binti wa mama huyohuyo alipokosa sare siku moja kabla ya shule kufunguliwa, ilishonwa wapi? Kwetu. Na alimpimia vizuri. Mimi ningemfungia mlango.

Watu wakaanza kuyaita magauni hayo sadaka. Kamati nayo imeandika "alikuwa mkarimu kwa watoto wa wenzake." Halikuwa gauni la sadaka. Lilikuwa gauni la mwanawe. Mwanawe hakuwepo kulivaa, basi akavaa mwingine. Magauni arobaini. La miaka saba lilikuwa sare ya shule. La miaka kumi na tatu alilitia kifua, akakaa nalo siku nzima hashoni kingine. La ishirini na tano lilikuwa la harusi. Baada ya hapo Kipimo alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo marehemu alipima kwa macho tu, akiangalia wanawake wa umri huo wakipita barabarani. Alikuwa akiniambia, "Angalia, sasa angeanza kunenepa hapa kiunoni, kama upande wenu."

Ndoa za mtaa huu zilipita kwenye chumba chetu cha mbele. Bibi harusi akija kujaribu gauni alisimamishwa kwenye meza ya zege, hawezi kuruka kwa sababu limejaa pini, na hapo ndipo alipofundishwa. Nilikuwa uani, nilisikia yote. Alifundisha ndoa na malezi kwa Hana huyohuyo, lakini si Hana wa kamati.

"Mwanangu, Hana alimwambia mumewe, mwaka huu sipandi kwenda hekaluni mpaka nimwachishe mtoto ziwa. Mumewe akasema nini?"

"Sijui, mama."

"Akasema fanya unavyoona vyema. Huyo mume alikuwa amejifunza. Wa kwako?"

"Wa kwangu bado, mama."

"Basi na ndoa yenu iwekee upindo. Usikate kitambaa chote siku ya kwanza. Usigeuke, utachomwa."

Na mwingine aliambiwa kwamba Hana alimwomba Mungu mwenyewe, hakumtuma mume wala kuhani. Na mwingine, aliyekuwa na hofu ya kutopata mtoto, aliambiwa, "Ukipata, shona. Usipopata, shona. Ukipata akaondoka, shona. Umama ni mshono, hauanzi kwa kuvaliwa." Huyo bibi harusi alilia juu ya gauni, likaingia wanja, likafuliwa upya. Marehemu alikasirika sana kwa ajili ya wanja.

Katika maisha yake ni mtu mmoja tu aliyewahi kumuuliza vizuri. Alikuwa karani wa sensa. Alikuja na fomu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasoma, "Mama, umewahi kuzaa watoto wangapi waliozaliwa hai, hata kama sasa hawapo?"

Mke wangu akasimamisha cherehani. "Hebu soma tena."

Akasoma tena.

"Nani ameandika swali hilo?"

"Liko kwenye fomu, mama."

"Mmoja," akasema. Akampikia chai. Akamkazia na kifungo cha koti lake kilichokuwa kinataka kuanguka. Karani alikaa kwetu saa mbili, sijui nyumba nyingine alizihesabu saa ngapi. Kanisa lililomjua miaka hamsini halikuuliza. Karani wa siku moja aliuliza.

Alhamisi hiyo ya tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, nilisikia cherehani imesimama katikati ya mshono. Yeye hakuwa akisimama katikati. Nilimkuta ameegemea ukuta, upande wa kushoto umelegea, sindano iko kwenye kitambaa. Kilikuwa kiharusi. Tulimfikisha hospitali saa tano na nusu. Jirani mwenye gari hakutaka hata mafuta, namshukuru.

Dada yangu alifika mchana. Muuguzi alikuja na faili kuandika habari zake. Jina, umri, kazi. Halafu akauliza idadi ya watoto. Kabla mtu hajafungua mdomo, dada yangu akasema, "Andika sifuri." Mke wangu alikuwa amelala macho yamefumba, tukadhani amesinzia. Akauinua mkono wa kulia, ule uliokuwa mzima, akamshika muuguzi kalamu. Akasema maneno machache, polepole, mdomo umeenda upande, lakini kila mtu wodini aliyasikia. Muuguzi alifuta, akaandika alivyoambiwa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mtu yeyote. Jioni yake sauti ilikatika, haikurudi. Nimeyaweka mwishoni.

Alikaa wodini siku kumi na tatu. Nilimshika mkono, alinibana kidole mara moja akitaka maji, mara mbili akitaka kugeuzwa. Alifariki Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ndoa yetu ilikuwa na miaka hamsini na miwili na miezi miwili.

Sasa kuhusu hapa tulipo. Kamati ilimpa kaburi mbele, karibu na lango, penye wazee wa kanisa na njia ya saruji, ambayo niliijenga mimi. Nilisema sitaki. Katibu akaniambia, "Mzee, mama wa kanisa hazikwi kichakani." Nikamuuliza kichaka hicho alikiweka nani. Hakujua, ni kijana. Nikamwambia: mwaka 1984 kanisa lilisema hapa ndipo panapomstahili mtoto wetu. Panapomstahili mtoto hapawezi kumshinda mama. Na mimi nilimficha mahali siku nne. Simfichi tena.

Mchungaji wetu wa sasa alinisikiliza. Akasema, "Mzee, mimi mwaka huo sikuwa nimezaliwa. Sina la kuwatetea. Fanya unavyoona vyema." Marehemu angemsikia angecheka, kwa sababu kumbe na wachungaji hujifunza.

Kwa hiyo viatu vyenu vimelowa umande, na michongoma imewashika nguo. Ndiyo sababu. Mlipaswa kupita njia hii miaka arobaini iliyopita. Jana asubuhi nilimkuta dada yangu hapa peke yake, ana miaka sabini na sita, anafyeka nyasi kwa panga. Sikumuuliza kitu. Nilikaa chini. Palipofyekwa ni yeye. Palipobaki hakupafikia.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, na binti yake, ambaye amelala upande wake wa kulia. Ameacha mume, mdogo wake mmoja, wifi mmoja, na mtoto wa mdogo wake, Kipimo, ambaye mabega yake tumeyakopa miaka mingi. Ameacha wasichana na wanawake arobaini waliovaa gauni la mwanawe. Wengine mpo hapa, na nimeona mmoja amekuja nalo. Ameacha meza ya zege. Ameacha gauni la arobaini na moja, aliloanza mapema kwa sababu ya macho, limebaki mkono wa kushoto na upindo. Kipimo atalimalizia, nitamtungia sindano, zote sita. Tarehe 3 Septemba litapelekwa kama kawaida.

Mungu aliyemsikia Hana amsikie na huyu, hata akijibu. Alale salama karibu na mwanawe, apumzike, asiamshwe mapema na mtu mwenye suruali iliyotoboka.

Alichomwambia muuguzi ni hiki: "Andika mmoja. Wa kike."